Tarehe Kwanza, Zimwi Baadaye

Ndugu wasikilizaji, wapenzi wa anime, na ninyi vijana mliokuja na madaftari ya kuchorea, hamjambo.

Kiangazi cha mwaka 930 radi ilipiga Seiryoden, jumba mojawapo la kasri la mfalme mkuu wa Japani, mjini Kyoto. Wakuu wa dola walikuwa wamekusanyika kuzungumzia ukame, na radi iliua baadhi yao pale pale, akiwamo Fujiwara no Kiyotsura. Mfalme mkuu Daigo akaugua, na kabla ya mwaka kwisha naye akafariki. Watu wa kasri hawakuhitaji kuulizana nani kaituma radi ile. Ni Sugawara no Michizane, mwanazuoni na waziri aliyesingiziwa uhaini mwaka 901, akafukuzwa mpaka Dazaifu katika kisiwa cha Kyushu, akafa huko 903 akiwa na kinyongo. Mwaka 923 serikali ilikuwa imekwisha kumrudishia cheo chake, na yeye yuko kaburini miaka 20, ili atulie. Hakutulia. Mwaka 947 wakamjengea hekalu la Kitano Tenmangu, na mpaka leo wanafunzi wa Japani humwendea kuomba kabla ya mitihani.

Naanza na habari hii kwa sababu wengi wetu tunadhani kuchanganya historia na nguvu za ajabu ni ubunifu wa studio za anime, hizo katuni za Kijapani. Sivyo. Katika historia ya Japani mzimu wa Michizane ulikuwa jambo la serikali, wenye cheo, amri na bajeti ya hekalu. Hadithi ya Jujutsu Kaisen inapowataja wapiganaji wake Gojo Satoru na Okkotsu Yuta kuwa ni wa uzao wa Michizane, mwandishi amevuta uzi uliokuwa umening'inia kwa zaidi ya miaka 1,000.

Hoja yangu leo ni moja, na nitairudia mpaka mniambie basi: anime ya aina hii husimama inapoanza na tarehe, kisha zimwi likazaliwa kutoka kwenye jeraha la tarehe hiyo. Zimwi likitangulia na historia ikafuata kama mapambo ya ukumbi wa harusi, kazi hulegea. Mtazamaji huhisi ulegevu huo hata kama hajui mfalme gani alitawala lini.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Wengi humwita oni, lile jitu la kutisha la hadithi za Kijapani, "pepo" au "shetani", kwa kuwa tulimpokea kupitia tafsiri za Kiingereza. Lakini pepo hupanda kichwani mwa mtu, hana nyama wala mifupa. Oni ana mwili. Anakula watu, ana nguvu za kutisha, anaweza kuleweshwa, na anaweza kukatwa kichwa. Huyo tunamjua tangu hadithi za bibi: ni zimwi. Zimwi mashuhuri kuliko yote ya Japani ni Shuten-doji wa mlima Oe. Masimulizi yanasema Minamoto no Yorimitsu na wenzake walimwendea wakijifanya watawa, wakamnywesha pombe iliyotiwa dawa, wakamkata kichwa amelala, na kichwa kile kikaruka kuing'ata kofia ya chuma ya Yorimitsu. Yorimitsu mwenyewe ni mtu wa kweli, alifariki mwaka 1021. Upanga unaosemekana ndio uliotumika, Dojigiri, umehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo na umeorodheshwa kama hazina ya taifa. Mkiona katika anime kichwa cha zimwi kikiendelea kusema au kung'ata baada ya kukatwa, asili yake ni huko.

Sasa tuichukue Kimetsu no Yaiba, maana karibu kila mmoja hapa ameiona. Manga yake, yaani hadithi ya michoro vitabuni, ilichapishwa kuanzia 2016 hadi 2020, anime ya studio ya ufotable ikaanza 2019, na filamu ya treni ya Mugen ya 2020 iliingiza zaidi ya yeni bilioni 40 nchini Japani peke yake. Watu husifu mapigano. Mimi nataka tutazame mazungumzo ya sekunde chache.

Ni usiku wa mtihani wa mwisho wa kujiunga na kikosi cha wauaji wa mazimwi, mlima Fujikasane. Kijana Tanjiro, shujaa wa hadithi, anakutana na zimwi lililofungiwa mlimani, lile lenye mikono mingi iliyojisokota mwilini. Linamuuliza: sasa ni mwaka wa ngapi wa Meiji? Tanjiro anajibu kwamba sasa ni enzi ya Taisho. Zimwi linapandwa na wazimu. Enzi imebadilika tena na lenyewe bado limefungwa! Kisha linamtaja aliyelikamata, Urokodaki, na kusema ilikuwa miaka 47 iliyopita, zama za Edo, wakati wa Keio.

Chukueni kalamu. Keio ilianza 1865 ikaisha 1868. Ongezeni 47, mnapata kati ya 1912 na 1915. Enzi ya Taisho ilianza tarehe 30 Julai 1912, alipofariki mfalme mkuu Meiji. Hesabu imekaa sawa, na imewekwa kinywani mwa mhusika ambaye ana sababu ya kuijua, kwa kuwa kila mwaka wa ile 47 aliuhesabu kwa chuki. Huko ndiko kutia tarehe. Hakuna sauti ya msimulizi inayotusomea somo la historia. Zimwi lenyewe ndilo kalenda.

Na mwaka huo una jeraha gani? Tarehe 28 Machi 1876 serikali ya Meiji ilipiga marufuku raia kutembea na panga hadharani. Kwa zaidi ya miaka 30 mtu mwenye upanga mtaani ni mhalifu. Wauaji wa mazimwi ni kikosi kisichotambuliwa na serikali, ndiyo maana kwenye kituo cha treni Zenitsu, mmoja wao, anahangaika kuwaficha wenzake polisi wasiwaone na panga zao. Tukio linachekesha, lakini limebeba uzito wa hadithi nzima: watu wanaoilinda nchi kwa silaha ambayo nchi imeikataa. Hadithi hiyo ukiihamishia mwaka 1650, mvutano huo unapotea wote. Wakati ule samurai kuwa na panga mbili kiunoni lilikuwa jambo la kawaida kama sisi kuwa na simu.

Tazameni na mavazi. Sare ya kikosi ni nyeusi, ya vifungo, ya mtindo wa kijeshi uliotoka Ulaya na kuenea enzi ya Meiji. Juu yake kila mmoja anavaa haori, joho fupi la Kijapani, lenye nakshi ya kwao. Ya Tanjiro ni miraba ya rangi mbili kama ubao wa drafti, nakshi iitwayo ichimatsu, jina la Sanogawa Ichimatsu, mwigizaji wa kabuki wa karne ya 18 aliyeipa umaarufu. Kimono ya Nezuko, dada yake aliyegeuzwa zimwi, ina nakshi ya asanoha, jani la katani ya Kijapani. Mmea ule hukua haraka na kunyooka, kwa hiyo wazazi waliwavisha watoto nakshi hiyo wakiwaombea wakue salama. Nezuko ni msichana ambaye kukua kwake kumekatizwa, anasinyaa akawa kama mtoto na kurefuka akawa mtu mzima kwa kadiri ya hatari iliyopo. Sisi tunaochagua kanga kwa jina lake hatuhitaji kuelezwa kwamba nguo husema.

Treni nayo imetulia mahali pake. Kichwa chake kinafanana na vile vya aina ya 8620, vilivyoanza kuundwa mwaka 1914, na filamu ilipotoka shirika la reli la Kyushu liliendesha kichwa cha kweli cha aina hiyo kikiwa na bango la Mugen. Lakini naona kilichofanya kazi kubwa zaidi ni uchaguzi wa treni yenyewe. Kwa mtu wa Taisho treni ndiyo usasa: ratiba, tiketi, taa. Zimwi linaloingia ndani yake haliwindi msituni tena. Linawalaza abiria 200 kwa wakati mmoja, na njia yake ni tiketi: kondakta akiitoboa, abiria amekwisha.

Kuhusu nguvu zenyewe. Vijana wengi wanaochora huniletea mashujaa wenye uwezo mwingi mno. Anzeni na mipaka ya zimwi, na mipaka hiyo iwe mitatu: linakula nini, linaogopa nini, haliwezi kutoka lini. Zimwi la Kimetsu linakula watu. Linauawa na jua, au na nichirin, upanga maalumu wa kikosi, ukipita shingoni. Maua ya fuji, yale ya zambarau yanayoning'inia kama zabibu, hulifukuza. Na mchana halionekani. Kwa sheria hizo kila pigano lina saa inayogonga ndani yake. Mpiganaji aliyeshindwa nguvu bado anaweza kuvuta muda mpaka alfajiri, na ndivyo Rengoku, mmoja wa wauaji wa mazimwi, anavyopigana mwishoni mwa filamu ya treni. Sheria ingelegezwa hata kidogo, dakika zile zisingekuwa na maana.

Kosa la kawaida hapa ni kuongeza ngazi. Adui wa kwanza anapasua mwamba, wa pili mlima, wa tatu mwezi. Kufika sehemu ya 40 mtazamaji amezoea, hashtuki tena, na historia imekwisha kupotea, kwa sababu mtu anayepasua mlima hana haja ya kumwogopa askari polisi wa mwaka 1914.

Nije kwenye kazi ambayo kwangu ndiyo kipimo cha fani hii, Princess Mononoke ya Miyazaki Hayao, ya mwaka 1997, iliyowekwa zama za Muromachi (karne ya 14 hadi ya 16). Mnakumbuka mwanzo wake: nguruwe mwitu mkubwa anashuka kutoka msituni, mwili mzima umefunikwa na vitu vyeusi vinavyojinyonganyonga kama minyoo. Kijana Ashitaka anamwua kwa mshale na laana inamshika mkono. Nguruwe anakata roho, nyama inayeyuka, inabaki mifupa. Kisha mganga mzee anaweka mbele yao kitu kilichotolewa mwilini mwake: kitonge cha chuma.

Angalieni ukubwa wake. Kinaenea kiganjani. Filamu nzima ya saa mbili na robo imefungwa ndani ya kitonge hicho. Kimetoka kwenye silaha ya moto, silaha imetoka kwenye tanuri, tanuri linakula makaa, makaa yanakula msitu, na msitu ni wa nguruwe. Laana na viwanda vimekutana kwenye kitu kimoja ambacho unaweza kukishika. Mkitaka kujua kama mmepata mshono mzuri kati ya historia na maajabu, jiulizeni: kitonge changu cha chuma kiko wapi? Kama hakuna kitu cha kushikika kinachotoka upande mmoja kwenda wa pili, bado mna hadithi mbili zilizolala kitanda kimoja.

Na hesabu za tanuri lile zinatisha zenyewe bila mzimu. Tanuri la tatara ni la udongo, hujengwa na kuvunjwa kila likitumika. Uyeyushaji mmoja wa siku tatu usiku na mchana hula takribani tani 10 za mchanga wa chuma na tani 12 za makaa, na hutoa bonge la tani mbili na nusu hivi. Sehemu tu ya bonge hilo ndiyo tamahagane, chuma kinachofaa upanga. Makaa ya uyeyushaji mmoja ni karibu hekta nzima ya miti. Piga mara kadhaa kwa mwaka, kwa miaka 50, uone kama wanyama wa msitu huo watanyamaza.

Mle tanurini kuna jambo ambalo mtazamaji asiyejua hupita bila kuliona. Wanaokanyaga mivukuto ni wanawake, na wanamwambia Ashitaka kwamba hukanyaga siku nne, usiku tano. Katika desturi halisi wanawake walikatazwa kukaribia tatara, kwa sababu Kanayago, mungu wa wahunzi, ni mwanamke na ana wivu. Miyazaki alijua mwiko huo akaupindua makusudi: Bibi Eboshi, mkuu wa tanuri hilo, amewakomboa wanawake waliouzwa na kuwapa kazi iliyoharamishwa kwao. Kwa tendo moja tunamwona ni mkombozi, na pia ni mtu asiyeogopa mungu yeyote, awe wa tanuri au wa msitu. Huko kuvunja historia kunakubalika, kwa sababu aliyeivunja alijua anavunja nini. Asiyejua hukosea tu.

Dororo nitaipitia kwa haraka, ingawa yastahili jioni nzima. Tezuka Osamu aliianza 1967, ikafanywa anime 1969 na tena 2019. Zama ni za vita vya mabwana. Daigo Kagemitsu, mtawala wa eneo lenye njaa, anafanya mkataba na mazimwi: wampe ustawi, wachukue viungo vya mwanawe mchanga. Katika toleo la 2019 mazimwi ni 12. Mtoto, Hyakkimaru, anakua na kuyawinda, na kila akiua moja anarudishiwa kiungo, sikio au mguu au mgongo, huku kule kwa baba mvua inakata au tauni inaingia. Ni daftari la mapato na matumizi. Kila upande una haki yake, wakulima walioshiba hawakumtoa mtoto yule wao, wala hawako tayari kurudi kwenye njaa. Anime ya Basilisk nayo ililiona jeraha la mwaka 1614: Tokugawa Ieyasu kumchagua mrithi kati ya wajukuu wawili, Takechiyo na Kunichiyo. Ugomvi wa urithi ulikuwapo kweli. Ninja 10 kwa 10 wenye miili ya ajabu ndio walioongezwa.

Haya, tuingie jikoni. Nitataja makosa ninayoyaona mara kwa mara katika kazi za wanaoanza, na mengine hata kwenye anime zenye fedha.

Upanga. Tachi, wa zama za Heian na Kamakura, huning'inizwa kwa kamba kiunoni makali yakitazama chini. Katana huchomekwa kwenye mkanda makali yakitazama juu. Mkimchorea shujaa wa mwaka 1100 katana yenye makali juu, mmekwisha kukosea karne kadhaa. Ala ni ya mti, kwa hiyo upanga ukichomolewa hautoi ule mlio wa chuma juu ya chuma tunaousikia kila mara. Tena upanga hauchomoki kwa kuvuta tu. Kuna kipande cha shaba chini ya ubapa, habaki, kinachobana mdomoni mwa ala, na kidole gumba cha mkono wa kushoto lazima kisukume kikinga-mkono mbele kidogo ili kibano kiachie. Mchoraji hodari hukichora kidole hicho. Ni fremu chache tu, mtu hajachomoa kitu bado, na ukumbi mzima umenyamaza. Kubeba upanga mgongoni na kuuchomoa kutoka huko, jaribuni na fimbo ya sentimita 70 mkifika nyumbani, mtaona mkono unakwama wapi.

Bunduki. Magobori ya Kireno yalifika Tanegashima mwaka 1543. Kabla ya hapo zilikuwapo silaha za moto za asili ya Kichina, ndizo zilizomo katika Princess Mononoke, nzito na za kurusha karibu. Shujaa wa mwaka 1500 akipigwa risasi na mdunguaji aliye mita 200, tarehe imekufa.

Saa na mwezi, hapa Waswahili tuna bahati. Mpaka mwisho wa 1872 Wajapani waligawa mchana sehemu sita na usiku sehemu sita, kuanzia mapambazuko, kwa hiyo urefu wa saa ulibadilika na majira. Sisi tunaoanza kuhesabu saa jua likichomoza tunaielewa mantiki hiyo kwa urahisi. Saa ya Ng'ombe, wakati wa mizimu kutembea, huangukia kama saa nane usiku. Na miezi yao ilifuata mwandamo. Oda Nobunaga, bwana wa vita mwenye nguvu kuliko wote wa zama zake, alishambuliwa katika hekalu la Honnoji alfajiri ya siku ya pili ya mwezi wa sita, ambayo kwa kalenda ya Ulaya ya wakati ule ni tarehe 21 Juni 1582. Mtu yeyote anayesubiri mwandamo wa Ramadhani anajua mwezi wa siku ya pili ukoje: uzi mwembamba unaozama mapema baada ya magharibi. Alfajiri ile mbingu haikuwa na mwezi. Ukiona mchoro wa Honnoji inateketea chini ya mwezi mpevu, ujue mchoraji alitaka picha nzuri na hakufungua kalenda. Giza lenyewe lingempa picha nzuri zaidi, moto mmoja katikati ya weusi mtupu.

Kuhusu kuchora nguvu: msitegemee mwanga wa kompyuta peke yake. Maji ya Tanjiro yana mstari mzito wa nje na povu lililokatika kama vidole, mtindo wa picha za kuchapwa kwa mbao za zama za Edo, zile za akina Hokusai. Upanga ukipita, jicho linapokea historia ya sanaa ya Japani pamoja na pigo. Mononoke ya 2007, ile ya muuza dawa, siyo filamu ya Miyazaki, ilikwenda mbali zaidi, kila fremu ina unyuzinyuzi wa karatasi ya washi. Humo upanga hautoki alani mpaka mambo matatu yajulikane: umbo la mzimu, ukweli wa kilichotokea, na sababu iliyoutia uchungu. Pigano linakuwa upelelezi. Sijaona sheria ya silaha iliyo bora kuliko hiyo.

Halafu kumbukeni nani aliandika kumbukumbu. Ryomen Sukuna, ambaye katika Jujutsu Kaisen ni mfalme wa laana, ametajwa katika Nihon Shoki, kitabu kilichokamilika mwaka 720. Humo ni mtu wa Hida mwenye nyuso mbili na mikono minne, hakutii kasri, alipora watu, jeshi likamwua. Hayo ni maneno ya kasri. Huko Hida kwenyewe, mkoa wa leo wa Gifu, anaheshimiwa kama shujaa na mwanzilishi wa mahekalu, na zipo sanamu zake. Yawezekana zimwi la kitabu ni kiongozi wa watu walioshindwa. Msiyaamini mazimwi ya washindi kabla ya kusikia wenyeji wanasemaje.

Namaliza na mtu anayetuhusu moja kwa moja, Yasuke, Mwafrika aliyemtumikia Nobunaga.

Yaliyoandikwa juu yake ni machache na yana tarehe. Alifika Japani 1579 pamoja na Alessandro Valignano, padri Mjesuiti. Mwaka 1581 alipelekwa Kyoto, watu wakasongamana kumtazama, na Nobunaga akaamuru aoshwe, asiamini kwamba weusi ule si wino. Maandishi juu ya maisha ya Nobunaga yanamtaja kuwa na umri wa miaka 26 au 27 na nguvu kuliko watu 10, na nakala moja inaongeza kwamba alipewa posho, nyumba na upanga mfupi. Mwaka 1627 François Solier, Mjesuiti wa Ufaransa, aliandika kwamba alitoka Msumbiji, na Valignano kweli alipita Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1574 akielekea India. Kisiwa kile ni cha pwani yetu, jina lake linanasibishwa na Musa bin Biki, aliyeishi hapo.

Anime ya Yasuke ilitoka Netflix Aprili 2021, sehemu sita, ya LeSean Thomas na studio ya MAPPA. Inafunguka Honnoji, kisha inaruka miaka 20 na kumkuta ni mwendesha mtumbwi kijijini, mlevi, amejificha. Uamuzi huo naupongeza. Baada ya Juni 1582 maandishi yananyamaza juu yake, na hadithi ina ruhusa ya kuingia. Lakini waandishi hawakuishia kwenye ukimya. Walitia roboti na wachawi mpaka ndani ya vita vya Nobunaga, mahali ambapo kumbukumbu zinasema na zinasema mambo makubwa. Kisha katika sehemu sita zile zile wakaongeza mwanamke wa Kirusi anayegeuka dubu, mganga kutoka Benin, roboti mwuaji na padri mwenye nguvu za akili. Yasuke mwenyewe akabanwa pembeni ya hadithi yenye jina lake. Mazungumzo yake na Nobunaga, aliyependa kukaa naye wakaongea, hayapewi nafasi ya kutosha. Hatumwoni akitazamana tena na mapadri waliomleta. Kijana wa pwani katika kasri la mtu mwenye nguvu kuliko wote Japani ni ajabu tosha, angepewa zimwi moja tu, na zimwi hilo lingetoka kwenye moto wa Honnoji.

Baada ya Nobunaga kufa alikwenda kwa mwanawe Nobutada akapigana kwa muda mrefu, mpaka mtu wa Akechi, jemadari aliyemwasi Nobunaga, alipomwambia asiogope, atoe upanga wake. Akautoa. Wakamwuliza Akechi wamfanye nini. Kwa mujibu wa taarifa ya Wajesuiti, Akechi alisema huyu ni mnyama, hajui kitu, wala si Mjapani, asiuawe, apelekwe kanisani kwa mapadri. Kuna wanaosoma maneno hayo kama dharau tupu, na wapo wanaoyasoma kama njia ya Akechi kumwokoa bila kuonekana anamwonea huruma.

Mwezi mmoja na nusu hivi kabla ya moto ule, Matsudaira Ietada, mtu wa Tokugawa, alikuwa amemwona njiani na kuandika katika shajara yake: mwili kama wino, urefu shaku 6 na bu 2, jina lake Yasuke. Ni kama sentimita 182. Chukueni kipimo hicho, mchoreni amesimama mlangoni mwa Honnoji saa kumi na moja alfajiri, mbingu haina mwezi, kidole gumba kiko kwenye kikinga-mkono cha upanga. Mniletee michoro hiyo, kisha ndipo tujadili zimwi.

Asanteni kwa kunisikiliza. Mwenye swali anyooshe mkono.